Kupunguza picha kabla ya kuiweka kwenye hifadhidata ya simu

Tuseme unatengeneza programu ya Android ya kuandikia mizigo ya dagaa pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, na wachuuzi wanataka kila gunia liwe na picha yake. Kamera inatoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, faili la MB kadhaa. Ukiiweka ilivyo kwenye SQLite, hifadhidata iliyomo ndani ya Android, itaingia bila shida. Balaa huja wakati wa kuisoma: Android hupitisha majibu ya hifadhidata kwenye CursorWindow, sehemu ya kumbukumbu ya muda, ambayo kwa kawaida nafasi yake ni MB 2 tu. Rekodi ikizidi hapo haisomeki, na programu inafunga.

Hatua ya 1: Pima picha bila kuifungua. Kwenye BitmapFactory.Options, mipangilio ya kufungulia picha kwenye Android, weka inJustDecodeBounds iwe true. Utapewa upana na kimo tu. Usiruke hatua hii, tafadhali. Wengi hutazama ukubwa wa faili, wakasahau kwamba picha ikishafunguliwa kila pikseli hula baiti 4. 4000 × 3000 × 4 ni baiti milioni 48, kwa picha moja! Simu ya bei nafuu haihimili mzigo huo.

Hatua ya 2: Ifungue ikiwa ndogo tayari. Rudisha inJustDecodeBounds iwe false, kisha weka inSampleSize, namba inayogawanya upana na kimo, iwe 4. Unapata 1000 kwa 750, yaani baiti milioni 3. Tumia 2, 4, 8 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili. Ukiweka 5 au 6, itashushwa hadi 4.

Hatua ya 3: Inyooshe. Simu nyingi huandika mwelekeo wa picha kwenye EXIF, yaani maelezo yanayobebwa ndani ya faili la picha, na maelezo hayo hupotea picha ikikandamizwa upya. Yasome kwenye faili la asili kwa ExifInterface, uizungushe kwa Matrix.

Hatua ya 4: Ikandamize kuwa JPEG, ubora 80. Mimi hulenga isizidi KB 200, lakini kipimo cha kweli ni alama ya mwenye mzigo iliyoandikwa kwenye gunia. Isiposomeka, umepunguza kupita kiasi. Shusha inSampleSize iwe 2, picha itoke kubwa zaidi.

Hatua ya 5: Hifadhi baiti zenyewe kama BLOB, aina ya safu ya SQLite inayobeba baiti ghafi. Base64, njia ya kuandika baiti kama herufi, huongeza ukubwa kwa theluthi moja bure. Picha zikae kwenye jedwali lake, mbali na uzito na bei, ili mchuuzi akifungua orodha ya magunia asisubiri picha ambazo hajaziomba.