Jinsi ya kujibu swali la ufahamu bila kubahatisha

Nafundisha tuisheni ya Kiswahili jioni huku Mbagala, na wanafunzi wengi wa kidato cha nne huona ufahamu ni maksi za bure. Ndiyo maana wanazipoteza. Fuata hatua hizi.

1. Anza na maswali. Yapitie haraka kabla ya kugusa kifungu, na upige mstari chini ya maneno kama "kwa nini", "taja mawili", "kwa mujibu wa mwandishi". Wapo walimu wasioipenda njia hii. Mimi naishikilia, maana anayejua anachotafuta hasomi kwa kutangatanga.

2. Soma kifungu mara mbili. Mara ya kwanza, weka kalamu chini. Ya pili, zungushia viunganishi: lakini, hata hivyo, hivyo, licha ya. Hapo ndipo hoja inapogeuka, na watunzi wa mitihani hupapenda.

Tufanye zoezi kwa kifungu hiki nilichokitunga:

*"Kabla ya mwaka 2016, mkazi wa Kimara aliyekwenda Kivukoni alitegemea daladala. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza, yalipewa njia yao wenyewe, hivyo yakakwepa foleni. Hata hivyo, adha ya kugombea mlango haikwisha, ilihamia kituoni."*

3. Kila jibu lionyeshe mstari lilikotoka. Swali: kwa nini mabasi hayo yalikwepa foleni? Wengi wataandika, "Kwa sababu yana kasi." Kasi imesemwa wapi? Hakuna, imetoka kwenye jina la basi na kichwani mwa mtahiniwa. Jibu liko kabla ya "hivyo": yalipewa njia yao wenyewe. Ukipanda mwendokasi kila siku ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa unayajua mengi ambayo mwandishi hakuyasema. Yaache nje ya chumba cha mtihani. Ukishauona mstari, andika jibu kwa sentensi kamili na kwa maneno yako.

4. Maana ya neno ijaribu ndani ya sentensi. "Adha" ni nini? Anayebahatisha ataandika "foleni" kwa kuwa liko jirani. Lirudishe mahali pake: "foleni ya kugombea mlango haikwisha, ilihamia kituoni." Haiingii, maana mwandishi ametoka kusema foleni imekwepwa. Jaribu "usumbufu": "usumbufu wa kugombea mlango haukwisha." Inakaa. Upatanisho wa kisarufi umebadilika, hilo lisikutishe. Unachopima ni maana.

5. Kichwa cha habari kiandike mwisho. Kibebe kifungu kizima, pamoja na kile kinachofuata "hata hivyo". "Mabasi ya mwendokasi" ni kipana mno, na "Foleni ya Dar" kimeshika kipande kimoja. Mimi ningeandika "Mwendokasi: nafuu isiyokamilika". Ukiambiwa kisizidi maneno matano, hesabu.

6. Ufupisho. Orodhesha hoja kuu, futa mifano, kisha unganisha. Idadi ya maneno uliyopewa iheshimu.

Mbinu hizi zinafaa kwenye Kiingereza pia. Huko kinachowaangusha wengi ni kukwama kwenye neno moja gumu hadi muda unakwisha. Liruke, maliza aya, kisha urudi. Mara nyingi sentensi inayofuata imeshalifafanua. Na kama hakuna swali linaloligusa neno hilo, achana nalo.