Kugeuza bisibisi ya kisu cha mfukoni kuwa patasi ndogo

Nimechoka kujibu swali hili kila wiki, basi naliandika mara moja.

Nazungumzia Victorinox, kisu cha mfukoni cha Uswisi, na ile bisibisi yake pana kwenye ncha ya kifungua chupa. Jueni mapema: kwa kipimo cha Rockwell ubapa wa kisu hiki una ugumu wa 56, bisibisi ni 52. Makali ya chuma laini hulala upesi. Patasi hii ni ya kupasulia katoni na kukwangua gundi, basi.

1. Osha kisu, kikauke.
2. Funga ubapa kwa selotepu.
3. Piga alama ya mteremko wa makali kwa maka peni: upande mmoja tu, digrii 30.
4. Saga. Hapa ndipo nilipoharibu kisu changu cha kwanza. Nilikipeleka kwa fundi wa Kamukunji, Nairobi, nikamhimiza amalize kabla ya mvua. Jiwe la mashine ya kusagia likang'ang'ania ncha mpaka ikawa buluu. Ukiona buluu, joto limeshaula ugumu, na kunoa hakuurudishi. Ilibidi tusage sehemu yote iliyobadilika rangi, bisibisi ikabaki kisiki. Siku hizi natumia tupa ya almasi, polepole. Ukilazimika kutumia mashine, gusa sekunde mbili, chovya majini, rudia. Vaa miwani. Glavu USIVAE: jiwe huzivuta pamoja na mkono, na vidole vitupu ndivyo vinavyohisi joto kwanza.
5. Noa kwenye kinoo cha maji, kisha laza upande wa nyuma uondoe kinyuzi cha chuma kinachobaki kwenye makali.
6. Pima makali yanadumu kiasi gani: kata kamba ya katani juu ya ubao mara kumi, jaribu gazeti, rudia. Gazeti likichanika badala ya kukatika, andika hesabu ya mikato.

Swali: Mkuu, nikisaga kavu bila maji si nitamaliza haraka?
Jibu: Soma hatua ya 4.

Swali: Nimesoma. Fundi wangu ana uzoefu lakini.
Jibu: Wangu pia alikuwa nao. Haraka ilikuwa yangu.

Swali: Kaka, nimepima mara mbili, hesabu hazifanani. Nakosea wapi?
Jibu: Swali zuri, dada. Tumia kamba ya robota moja, maana vumbi la katani hula makali, na kamba iliyolazwa chini sokoni ina mchanga. Pia sogeza mahali unapokatia. Ubao ukishachimbika, makali hayagongi vilevile. Ukipima ubapa nao, inua mgongo wake milimita 4 juu ya kinoo unaponoa. Kwa ubapa wa upana wa milimita 12 hiyo ni digrii 20 hivi.

Swali: Na mshipi wa ngozi wa soko la Gikomba unafaa kumalizia?
Jibu: Unafaa sana, upande wa ndani usiopakwa rangi. Vuta kurudi nyuma tu. Ukisukuma mbele utakata mshipi.