Somo: Kutengeneza foleni ya magari kwa daftari la hesabu na dadu

Dereva anayetoka Uyole kuelekea Mwanjelwa, jijini Mbeya, huweza kukwama katika foleni inayosimama, ikasogea, kisha ikasimama tena, na akifika mbele asione ajali wala gari bovu. Foleni ya namna hiyo inaweza kuzaliwa na madereva wenyewe, na kielelezo alichokibuni Kai Nagel pamoja na Michael Schreckenberg mwaka 1992 kinalionyesha jambo hilo waziwazi.

Hatua ya 1. Katika daftari la miraba, chora safu ya miraba 30. Kila mraba ni mita 7.5 za barabara, na kila safu inayofuata chini yake ni sekunde moja. Gari likipita mraba wa mwisho huingia wa kwanza. Weka magari 10, kila moja likiwa na miraba 2 mitupu mbele yake. Mwendo wa juu ni miraba 2 kwa sekunde, yaani kilomita 54 kwa saa.

Hatua ya 2. Kwa kila gari, ongeza mwendo kwa 1 ikiwa haujafika juu, kisha uupunguze usizidi idadi ya miraba mitupu iliyo mbele, halafu tupa dadu: ikitoka 1 au 2, punguza mwendo kwa 1, ila usishuke chini ya 0. Ukimaliza kukokotoa magari yote ndipo uyasogeze kwa pamoja, kwa sababu ukiyasogeza moja moja matokeo yataharibika.

Hatua ya 3. Anza bila dadu, na utaona magari yote yanakwenda bila kusimama. Sasa rudisha dadu, ambayo ndiyo dereva anayechungulia simu au kukanyaga breki pasipo sababu. Gari moja likipunguza mwendo, la nyuma yake hubakiwa na mraba 1 tu. Likiangukiwa nalo na dadu, linasimama kabisa, na lililo nyuma zaidi linalipia kosa ambalo hata halikuliona. Magari yanakwenda kulia, lakini foleni inarudi kushoto.

Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha jaribio la magari halisi 22 katika duara la mita 230. Hapakuwa na kizuizi chochote, na foleni ilizuka.

Swali (Mbalizi): Shikamoo mwalimu. Malori yaendayo Tunduma niyaweke vipi?

Jibu: Marahaba. Lipe lori miraba 2 au 3 na mwendo wa juu wa 1. Hata hivyo, fanya kwanza bila malori, usije ukayatwika lawama yote.

Swali (Iringa): Nikiacha nafasi kubwa mbele, bajaji zinachomekea. Kuna faida gani?

Jibu: Ndugu yangu, ipo. Jaribu magari 6 badala ya 10: dadu ni ileile, lakini breki ya mmoja mara nyingi humezwa na nafasi kabla haijamfikia wa nyuma. Bajaji ikichomekea, achia mafuta taratibu badala ya kukanyaga breki ghafla.