Chianti Classico mezani: mwongozo wa hatua kwa hatua

Ukiionja Chianti, divai nyekundu ya Italia, peke yake, bila kitu mdomoni, ni rahisi kuisingizia. Ina uchachu, ina ukakasi unaobana fizi, na anayependa vinywaji laini ataisukuma pembeni. Ipe chakula kwanza, halafu uihukumu. Utaratibu ufuatao ndio ninaoutumia ninapohudumia mezani.

Hatua ya 1: Soma chupa

Chianti na Chianti Classico ni divai mbili tofauti, ingawa zote ni za Toscana, Italia. Classico hutoka kwenye vilima vilivyo kati ya Firenze na Siena. Kiini cha eneo hilo kiliwekewa mipaka mwaka 1716 kwa amri ya mtawala wa Toscana, Cosimo III de' Medici. Alama yake ni jogoo mweusi. Usipomwona kwenye chupa, hiyo si Classico. Kanuni zinataka angalau asilimia 80 ya zabibu ziwe za aina ya Sangiovese, wakati Chianti ya kawaida inaruhusiwa kushuka hadi 70.

Kisha angalia daraja. Annata hukaa kiwandani angalau miezi 12 kabla ya kuuzwa, Riserva 24, na Gran Selezione 30. Bei hupanda kwa mpangilio huohuo, lakini usidhani ya ghali ndiyo itakayokaa vizuri na kila sahani. Kwa tambi za nyanya mimi huchukua Annata. Zile chupa za tumbo pana zilizofumiwa nyasi zinapendeza kupigwa picha, basi.

Hatua ya 2: Ipoze

Nyuzi 16 hadi 18 zinatosha. Ushauri wa kuandaa divai nyekundu kwa "joto la chumba" ulitoka kwenye nyumba za Ulaya zenye baridi. Sebule ya Mombasa au Dar es Salaam yenye nyuzi 29 haihusiki. Iweke kwenye friji kama nusu saa. Ikiwa ya moto, kileo kinatangulia puani na kufunika harufu ya cheri. Ikiwa baridi kupita kiasi, ukakasi unazidi.

Hatua ya 3: Ifungue

Annata fungua unywe. Riserva imimine kwenye jagi safi ipate hewa, nusu saa hivi kabla ya kula. Jaza theluthi tu ya glasi.

Hatua ya 4: Anza na nyanya

Nyanya ina uchachu wake, na divai isiyo na uchachu ikikutana nayo hupooza. Sangiovese haitishiki. Ndiyo maana inakaa vizuri na pappa al pomodoro, yaani mkate mkavu uliopikwa na nyanya, vitunguu saumu na mafuta ya zeituni hadi ukalainika. Mkate wa Toscana hautiwi chumvi, kwa hiyo unaweza pia kuupaka maini ya kuku yaliyosagwa bila ladha kuzidi. Mezani pasipo na nyama, weka ribollita, supu nzito ya maharage, mkate na majani meusi ya jamii ya sukuma wiki.

Hatua ya 5: Leta nyama

Hapa ndipo Riserva inapolipa gharama yake. Bistecca alla fiorentina ni pande la ng'ombe lenye mfupa, kwa desturi wa aina ya Chianina, nene kama vidole vitatu au vinne. Huchomwa juu ya makaa, nje ikaungua kidogo, ndani ikabaki nyekundu.

Tafuna kipande, kisha piga funda. Ule ukakasi uliokukera mwanzo unashikana na protini za nyama, na mdomo hausikii tena kukauka. Uchachu nao unasafisha mafuta, ukawa tayari kwa kipande kingine. Ukipenda nyama iliyoiva kabisa, sitakugombeza, ila iliyokauka inaacha ukakasi wote kinywani mwako. Chagua basi sehemu yenye mafuta, au rudi kwenye Annata. Sosi ya nyama ya nguruwe mwitu juu ya tambi nene za pici hufanya kazi hiyohiyo, na jibini la maziwa ya kondoo lililokomaa pia.

Hatua ya 6: Ondoa visivyopatana nayo

Pilipili kali huongeza ukakasi na kuamsha moto wa kileo. Nyanya hukubaliana na divai hii, lakini kachumbari yenye siki nyingi inaishinda. Samaki wa mafuta kama dagaa huacha ladha ya chuma mdomoni.

Vitamu navyo vinaifanya ionekane chungu. Watoscana wenyewe, wakifika kwenye biskuti ngumu za lozi ziitwazo cantucci, huondoa glasi za Chianti na kumimina Vin Santo, divai tamu ya zabibu zilizokaushwa, kisha huchovya biskuti humo. Chianti iliyobaki izibe, irudishe kwenye friji, na uimalize ndani ya siku mbili au tatu.