Gari-nyumba au hoteli? Piga hesabu kabla ya kulipa amana

Tangazo linasema gari-nyumba, ile RV ya Wamarekani, ni dola 180 kwa usiku. Chumba cha hoteli ni dola 160. Ukitazama hapo tu, unaona unaongeza dola 20 na kupata jiko, choo na vitanda vinavyotembea nawe. Hesabu hiyo imewaumiza wengi. Ile 160 ukiiongezea kodi umemaliza malazi. Ile 180 haijagusa bado mafuta, maili, bima wala mahali pa kuegesha.

Chukua safari inayopendwa: Denver hadi hifadhi ya Yellowstone na kurudi, usiku 7, maili 1,400 pamoja na mizunguko ya ndani ya hifadhi. Gari ni aina ya C, lile lenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, urefu futi 25 hadi 28. Bei zilizo hapa ni za mfano, kwa hiyo weka zako unapopiga hesabu.

Anza na kukodi: 180 mara 7 ni dola 1,260. Kisha usome mkataba kwenye kipengele cha maili. Nyingi hukupa maili 100 kwa usiku, maana yake 700; zile 700 zilizobaki, kwa senti 40 kila moja, ni dola 280. Bima 35 kwa usiku, jumla 245. Maandalizi na usafi 125. Kodi ya asilimia 8 juu ya kukodi, 101. Mafuta: gari la namna hii hula galoni moja kwa maili 8 hadi 10. Ukichukua 9, ni galoni 156, na kwa dola 3.50 ni 546. Kambi: usiku 5 penye umeme na maji kwa dola 65, usiku 2 pasipo na kitu kwa dola 30, jumla 385. Kumwaga majitaka mara moja 15, gesi ya kupikia 25. Jumla ni dola 2,982, na hujanunua hata mkate.

Sasa hoteli, ukiendesha gari lako la familia linalokwenda maili 25 kwa galoni. Mafuta ni dola 196. Chumba cha vitanda viwili, 160 na kodi ya asilimia 13, kwa usiku 7 ni 1,266.

Chakula ndicho kinachofanya watu wabishane, basi tukiweke wazi. Familia ya watu 4 inayopika kwenye gari-nyumba itatumia kama dola 50 kwa siku, 350 kwa safari. Ikiwa hotelini, kifungua kinywa ni cha bure, mchana wanakula vya kwenye kasha la barafu, usiku mgahawani: dola 90 kwa siku, 630. Gari-nyumba 3,332, hoteli 2,092. Hoteli imeshinda kwa dola 1,240, na hakuna wingi wa ugali utakaoziba pengo hilo.

Watu wakiwa 6, mambo yanageuka. Hoteli nyingi haziruhusu zaidi ya watu 4 katika chumba cha vitanda viwili, kwa hiyo vyumba vinakuwa viwili: 2,531. Ongeza mafuta 196 na chakula 130 kwa siku, inafika 3,637. Gari-nyumba, chakula kikiwa 70 kwa siku, ni 3,472. Chumba cha pili ndicho kinachoamua, kwa hiyo hesabu vichwa kabla ya kufungua tovuti yoyote. Hakikisha pia kila mtu ana kiti chenye mkanda: gari kuandikwa "linalaza 6" hakumaanishi kwamba mikanda yake inatosha viti vya watoto. Uliza.

Jambo la pili linaloamua ni umbali kwa siku. Gari-nyumba ni rahisi ukitulia na ghali ukikimbia. Maili 300 kwa siku zinakugharimu maili 200 za ziada, dola 80, pamoja na mafuta ya dola 117. Siku hiyo moja inapita bei ya chumba cha hoteli kilicholipiwa kodi. Kama safari yako ni ya kuvuka majimbo kwenda harusini, lala hoteli. Kama ni kukaa sehemu mbili tu kwa siku tatu tatu, rudia hesabu hii, maana maili zitapungua.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wa kwetu huisahau: hoteli zenye jiko chumbani, majiko mawili ya umeme na friji kubwa. Sufuria, mwiko na unga unatoka navyo nyumbani. Kwa watu 4, hii mara nyingi ndiyo bei nafuu kuliko zote isipokuwa hema.

Ukiamua gari-nyumba, linda pesa yako hapa. Jenereta hunyonya mafuta kutoka tangi lilelile la injini na hujizima tangi likishuka karibu na robo, ili usikwame. Watu hudhani imeharibika na kuita fundi. Kiyoyozi na maikrowevu havifanyi kazi bila jenereta au umeme wa kambini. Friji nyingi za aina hii huweza kutumia gesi. Saa za jenereta nazo huhesabiwa: kwa baadhi ya mikataba saa chache kwa siku ni za bure, zikizidi unalipa.

Paa ndilo hasara kubwa. Gari hili lina kimo cha futi 11 hadi 12, na bima nyingi za kukodi hazilipi uharibifu wa juu wala wa chini ya gari. Andika kimo kwenye karatasi na ubandike mbele ya usukani. Usipite na gari kwenye njia ya dirisha la kuagizia chakula, na tazama matawi kambini. Turubai la kivuli likunje kila unapoondoka, hata kama hewa imetulia. Upepo mmoja unalivunja pamoja na mikono yake ya chuma.

Choo: usiache vali ya tangi la choo wazi ukiwa umeunganishwa na bomba. Maji hutoka, kinyesi hubaki na kukauka chini. Subiri lijae angalau theluthi mbili, mwaga la choo kwanza, kisha la maji ya jikoni na bafu lisafishe bomba. Tangi hilo la pili hujaa haraka kwa wanaosonga ugali, kwa sababu sufuria huhitaji maji mengi kuoshwa. Loweka kwa maji kidogo, kwangua ukoko kwenye pipa la taka, ndipo uoshe.

Kumbuka njia pia. Barabara ya Going-to-the-Sun katika hifadhi ya Glacier hairuhusu gari lenye urefu unaozidi futi 21 katika sehemu yake ya milimani. Anayekwenda huko na gari la futi 25 huongeza kiti cha basi au gari dogo la kukodi kwenye bajeti. Yellowstone, kambi ya Fishing Bridge ndiyo pekee ndani ya hifadhi yenye umeme, maji na majitaka pamoja, na mahema hayaruhusiwi kwa sababu ya dubu. Nafasi huisha miezi mingi kabla.

Siku ya kuchukua gari, piga picha ya maili, kipimo cha saa za jenereta, kipimo cha mafuta na paa. Mara nyingi unalichukua mchana na kulirudisha kabla ya saa 5 asubuhi, hivyo usiku 7 ni siku 6 kamili. Kalale usiku wa mwisho karibu na Denver, matangi yakiwa matupu na mafuta yamerudi kiwango ulichokikuta, kisha upige picha zilezile tena kabla ya kukabidhi ufunguo.