SOMO: Mti unaojisawazisha ndani ya lugha ya C, hatua kwa hatua (soma lote kabla ya kuuliza)

Asalaam alaykum wanajamvi. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne: "Mbona mti wangu wa kutafutia ni mzito kuliko safu ya kawaida?" Naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamrudisha huku.

Kwenye mti wa kutafutia kila namba inakaa kwenye nodi yake (kituo kimoja cha mti): ndogo kuliko hiyo zinakwenda kushoto, kubwa kulia. Karibu kila mara sababu ni ile ile: mnaingiza data iliyokwisha kupangwa. Kazi yangu ya mwanzo Wete ilikuwa kuhamisha daftari la wakulima wa karafuu kwenye kompyuta. Namba zimeandikwa kwa mfuatano, 1, 2, 3, mpaka ukurasa wa mwisho. Kila inayokuja ni kubwa kuliko iliyotangulia, kwa hiyo kila nodi inakwenda kulia, kulia, kulia. Huo si mti tena, ni kamba. Ukiwa na nodi 1,000,000 za namna hiyo, ya mwisho huifikii mpaka upite zote. Mti wa AVL, waliouvumbua Adelson-Velsky na Landis wa Muungano wa Sovieti mwaka 1962, kwa idadi hiyo hiyo hauzidi ngazi 28.

Sharti lake ni moja: kwenye nodi yoyote, upande mmoja usiuzidi mwenziwe kwa zaidi ya ngazi moja.

Hatua ya 1. Nodi.

```c
struct nodi {
    int namba;
    int kimo;
    struct nodi *kushoto, *kulia;
};
```

Hatua ya 2. Funksheni `kimo(n)`: ikipewa NULL (yaani hakuna nodi) irudishe 0. Nodi mpya ina kimo 1.

Hatua ya 3. Funksheni `pima(n)`: chukua kimo kikubwa kati ya watoto wawili, ongeza 1, kiandike kwenye nodi.

Hatua ya 4. Kuzungusha, yaani kumpandisha mtoto akae mahali pa mzazi wake, na mzazi ashuke chini yake. Hapa tulieni.

```c
struct nodi *zungusha_kushoto(struct nodi *x)
{
    struct nodi *y = x->kulia;
    x->kulia = y->kushoto;
    y->kushoto = x;
    pima(x);
    pima(y);
    return y;
}
```

Angalieni mistari miwili ya `pima`. Mimi niliigeuza: nikampima `y` kwanza, kisha `x`. Lakini `x` sasa yuko chini ya `y`, na kimo chake bado ni cha zamani, cha wakati alipokuwa juu. Kwa hiyo `y` anajihesabia urefu asiokuwa nao, mzazi wake anaamini upande huo umelemea, anauzungusha bila ya haja. Kilichonitesa ni kwamba programu haikufa hata mara moja. Kila mkulima niliyemtafuta nilimpata, kompaila (inayotafsiri msimbo kwa mashine) haikulalamika, na kazi nikaikabidhi. Baada ya siku nyingi ndipo nilipochukua karatasi, nikaingiza 1 mpaka 7 na kuchora mti kwa mkono. Ulio sawa una 4 juu kabisa na ngazi tatu. Wangu ulikuwa na 6 juu, kushoto kwake ngazi tatu, kulia kwake 7 peke yake. Sharti limevunjika kwa namba saba tu! Basi mkimaliza hatua ya 5 fanyeni jaribio hilo kabla ya jengine lolote: ingiza 1 mpaka 7, chapisha nodi ya juu. Kama si 4, usiendelee na hatua ya 6. Na msiamini kwamba mti uko sawa kwa sababu eti unatafuta na unapata, maana hata kamba inatafuta ikapata.

`zungusha_kulia` ni hiyo hiyo kwa kugeuza pande.

Hatua ya 5. Kuingiza. Shuka kwa funksheni inayojiita yenyewe, na kila unapoteremka upokee kinachorudi:

```c
n->kulia = ingiza(n->kulia, namba);
```

Ukiandika `ingiza(n->kulia, namba);` bila ya kupokea, hiyo nodi mpya haijafungwa popote, na kila mzunguko wa huko chini umepotea. Wakati wa kurudi juu, pima nodi, kisha kimo cha kushoto toa cha kulia. Ukipata 2, zungusha kulia. Ukipata -2, zungusha kushoto. Ila mtazame kwanza mtoto aliyelemea: akiwa ameegemea upande wa pili, mzungushe yeye kabla ya mzazi.

Hatua ya 6. Kufuta mti: `free` (kuachia kumbukumbu) watoto kwanza, mzazi mwisho.

---

kijana_mkoani: Naomba msimbo wote kamili, kesho nawasilisha.

Mwandishi: Hatua ziko juu. Anza ya 1.

kijana_mkoani: Nimefanya, imegoma.

Mwandishi: Imegoma vipi? Weka ujumbe wa kompaila na mstari wenyewe. Siwezi kuona skrini yako.

binti_makunduchi: Mwalimu, kwa nini turuhusu tofauti ya ngazi moja? Kwa nini tusitake pande zote zilingane kabisa?

Mwandishi: Dada, chora mti wa nodi mbili. Huwezi kuulinganisha, lazima upande mmoja uwe na moja na mwengine uwe mtupu. Kulingana kabisa kunawezekana kwa idadi chache tu: 1, 3, 7, 15 na kuendelea. Ukilazimisha mti uikaribie hali hiyo kila wakati, kila nodi mpya inaweza kukupangisha mti mzima upya. Ile ngazi moja ndiyo nafasi ya kupumua, na gharama yake ni ndogo. Nodi 1,000,000 zikipangwa kwa ubora wote zinataka ngazi 20; AVL ikiharibikiwa kabisa, 28.

fundi_darajani: Mimi nimetumia majina badala ya namba, nayasoma kwa `fgets`. Nikichapisha mti, kila nodi ina jina la mwisho nililoandika. Nimezungusha sawa, nimejaribu 1 mpaka 7, nikapata 4.

Mwandishi: Ahsante kwa kujaribu kwanza. Mti wako uko sawa, tatizo ni pointa (anuani inayoonyesha jina lilipo). Nodi zote zinaelekea kwenye safu ile ile moja unayosomea, na kila `fgets` inaandika juu ya jina lililopita. Nakili kila jina kwa `strdup`, na siku ya kufuta ulifute jina kabla ya nodi yake. Linganisha kwa `strcmp`, si kwa `<`, maana `<` inalinganisha anuani za kumbukumbu.

binti_makunduchi: Na kwa namba, naona wengine wanalinganisha kwa `a - b`. Ni sawa?

Mwandishi: Hapana. Namba kubwa sana ukiitoa kwenye hasi kubwa, `int` inafurika na jibu linageuka. Andika `(a > b) - (a < b)`.

mzee_wa_chake: Kijana wangu, daftari likiwa linajazwa mara moja tu, kuna haja ya mti kweli?

Mwandishi: Hakuna, mzee wangu. Safu, `qsort` mara moja, kisha `bsearch`. Zote zimo kwenye `stdlib.h`. Mti unautaka pale watu wanapoingia na kutoka huku unatafuta.

fundi_darajani: Kwenye Linux ipo pia `tsearch`, ndani ya `search.h`. Ile ya glibc (maktaba ya C ya Linux) inatumia mti wa nyekundu na nyeusi, aina nyengine ya mti unaojisawazisha wenyewe.

Mwandishi: Kweli, na kwa kazi ya kulipwa itumie. Lakini POSIX (kanuni za pamoja za mifumo ya aina ya Unix) haikulazimisha `tsearch` isawazishe, kwa hiyo kwenye mfumo mwengine usiichukulie hivyo.

kijana_mkoani: Sina laptop, nafanya kwenye simu. Ndiyo maana siwezi kunakili ujumbe vizuri.

Mwandishi: Ungesema tangu mwanzo, ndugu yangu. Weka Termux (programu ya Android ya kuandikia amri), andika `pkg install clang`, kisha `clang -Wall -g mti.c -o mti`. Ukibonyeza skrini kwa muda utapata sehemu ya kunakili. Lete mstari wa kwanza wa kosa, tutakaa nao mpaka upite.

kijana_mkoani: Inasema `non-void function does not return a value in all control paths`.

Mwandishi: Umesahau `return n;` mwishoni mwa `ingiza`.