Kabla hujakata bati: kujipanga kuchonga vipande vya keisi ya kompyuta nyumbani

Zile taua (kompyuta za mezani zinazosimama wima) za ofisini za mtumba zinazokuja kwa makontena unazijua, bei poa, prosesa bado ina nguvu zake, ila ndani finyu na mbele kumezibwa na bati zima, kuna feni moja tu nyuma inahangaika peke yake. Weka grafiksi kadi (kadi ya kuchakata picha) humo ndani halafu subiri joto la Dar la mwezi wa pili, utaijua. Mimi ndo nilikoanzia. Nilitaka bati la mbele lenye feni mbili za milimita 120, kibano cha kuishikilia grafiksi kadi isilale, na kitako cha kufungia SSD (diski ya kuhifadhia data), basi. Nikajipigia hesabu ya jioni mbili. Ilinila wiki tatu, na vipande vitatu vya alminiamu vikaishia kwa wanunuzi wa skrepa, na sio kwamba sijui kukata, kukata wala sio kazi, ila nilikuwa nakata huku bado sijajua nakata nini hasa.

Kwa hiyo cha kwanza kabla hata hujaenda dukani, amua kipi unachonga na kipi huchongi. Kuna vipande vya keisi ukivichonga kwa mkono unajitesa bure. Trei ya mazabodi (ile bodi kuu ya kompyuta) na ule uso wa nyuma wenye matundu ya kadi ni mfano mzuri, nafasi kati ya kadi na kadi ni milimita 20.32, ukikosea milimita moja tu kadi haikai, au inakaa kwa kulazimishwa na inapinda sloti. Hivyo usivichonge. Tafuta keisi bovu kwa mafundi kompyuta, huwa wamezirundika nyuma ya duka, ikate utoe trei na mgongo wake mzima mzima. Tena bati lake lililobaki ni chuma kizuri tu cha kama milimita 0.7, utachonga nalo vitako vidogo. Mfuniko wa mikrowevu iliyokufa nao ni bati safi, ila vua mfuniko tu, ndani usiguse kabisa, ile kapasita yake inaweza kukuua hata kama mikrowevu imechomolewa.

Halafu vipande virefu vinavyotaka mkunjo ulionyooka, mfano pembeni nzima ya keisi ya sentimita 40, mpelekee fundi mwenye mashine ya kukunja bati. Pale Gerezani wapo wa kutosha, na ukiwa Nairobi kuna Kamukunji. Unampelekea kipande umeshakikata na umeshachora mistari, anakikunja fasta unamlipa unaondoka. Mikono yako ibaki na vile vitu ambavyo dukani havipo, yaani vibano, vitako, bati la feni, kisahani cha kuziba tundu. Hapo ndo raha ya hii kazi ilipo.

Tukija kwenye bati lenyewe. Watu wengi wanakimbilia kununua shiti nzima ya futi 4 kwa 8, ya nini sasa, hiyo inatosha keisi kibao. Nenda kwa mafundi wa madirisha ya alminiamu, masalia yao ni dhahabu kwa kazi hii, hasa zile engo za alminiamu ambazo tayari zina pembe ya digrii 90. Kibano cha grafiksi kadi changu ni engo tu, nimekata, nimetoboa, nimepiga msasa, hakuna kukunja wala nini. Ukihitaji bati bapa, alminiamu ya milimita 1.5 inatosha kwa karibu kila kitu, milimita 2 kwa kitu kinachobeba uzito. Chuma ni kigumu zaidi kwa unene uleule, kwa hiyo milimita 1 inakutosha, ila kina uzito karibu mara tatu ya alminiamu na hapa pwani ukingo uliokatwa leo kesho asubuhi una kutu. Madukani chuma wanakuuzia kwa geji (namba ya unene) na namba inakwenda kinyume, geji 20 ni nyembamba kuliko 18, kwa hiyo nenda na kalipa yako (kifaa cha kupimia unene) upime mwenyewe badala ya kubishana.

Kingine cha kuuliza kabla ya kulipa ni kama hiyo alminiamu inakunjika. Ipo laini inayokunjika kama sufuria, na ipo ngumu ambayo ukiikunja kona kali inapasuka mgongoni. Muuzaji anaweza asijue tofauti, kwa hiyo omba kipande kidogo, kibane, kikunje palepale, uangalie ule mgongo wa mkunjo. Ukiona vinyufa vyeupe vyeupe achana nayo.

Vipimo sasa, hapa ndo nilipofeli mimi. Usipime kitu kwa kubandika rula juu ya feni na kukisia. Hivi vitu vina vipimo vyake maalumu dunia nzima, viandike kwenye karatasi ubandike ukutani. Feni ya milimita 120, matundu ya skrubu yako milimita 105 kutoka kati hadi kati. Feni ya 140 ni 124.5, ya 92 ni 82.5, ya 80 ni 71.5. Mazabodi zinaitwa kwa saizi, ya ATX ni milimita 305 kwa 244, maikro ATX ni 244 kwa 244, mini ITX 170 kwa 170. Lile tundu la nyuma la kisahani cha USB na sauti ni 158.75 kwa 44.45, na hapo kuna mtego, klipu za kile kisahani zimetengenezwa kwa bati la kama milimita 1, ukichonga mgongo kwa alminiamu ya milimita 2 kisahani hakikamati, kinachezacheza tu. Pawa saplai (kile kiboksi cha umeme) ya kawaida ina uso wa 150 kwa 86. Ukishachora matundu manne ya feni pima pia mshazari, pande zote mbili ziwe 148.5, zikitofautiana ujue umechora msambamba na sio mraba.

Halafu skrubu, jamani. Kwenye kompyuta kuna aina mbili zinazofanana kwa macho, M3 yenye nyuzi za karibu karibu ambayo inatumika kwenye SSD, na ile nene ya 6-32 ya pawa saplai na keisi. Ukilazimisha moja kwenye tundu la nyingine unaua nyuzi. Ukitaka kuchonga nyuzi za M3 mwenyewe toboa kwanza kwa biti ya 2.5. Ila kwenye bati la milimita 1.5 nyuzi zinazopatikana ni tatu tu, hazishiki kitu cha maana, bora toboa tundu la kupita la 3.2 au 3.5 ufunge kwa nati nyuma, au tumia riveti.

Ukishakuwa na vipimo, bado usikate bati. Chukua boksi gumu, haya ya katoni za maji, kata kipande chako kwa boksi, kikunje, kifunge kabisa kwenye keisi huku kila kitu kimo ndani, waya, feni, kadi, halafu funga mfuniko. Utaona mambo ambayo kwenye mchoro hayakuwepo. Kwangu mimi boksi lilinionyesha kwamba feni ya chini inagonga plagi ya waya wa SSD, na hiyo ilikuwa kipande cha nne, baada ya kuchoma vitatu vya alminiamu bila kupima kwa boksi. Kile cha pili ndo kinaniumaga zaidi, kilikuwa kizuri balaa, vipimo sawasawa, kona safi, ila nilikikunja upande usio wake, kikawa kama unakitazama kwenye kioo. Siku hizi kwenye kila boksi na kila bati naandika kwa maka peni NJE na NDANI kabla ya kitu kingine chochote.

Kukunja kuna hesabu yake na watu hawaambiwi. Bati likikunjwa linavutika kwenye kona, kwa hiyo ukitaka pande mbili za milimita 50 na 50 usikate 100. Jaribu kwanza kwenye bati lilelile ulilonunua, kata ukanda wa milimita 100 kamili, ukunje katikati, pima kila upande kwa nje ujumlishe. Mimi kwa alminiamu ya 1.5 napata kama 102.7, maana yake kila mkunjo nipunguze 2.7 kwenye kipimo cha kukata. Yako inaweza ikatofautiana kidogo kulingana na ukali wa kona, ndo maana nasema jaribu. Mstari wa kukunja chora kwa maka peni, usikwaruze na msumari, mkwaruzo ndo unakuwa mwanzo wa ufa. Toboa matundu kabla ya kukunja maana ukishakunja drili haiingii pembeni, isipokuwa tundu lililo karibu sana na mkunjo, hilo litavutika liwe yai, hilo liache mpaka mwisho. Kama huna mashine, engo mbili za chuma na klampu mbili zinatosha, unabana bati katikati, unasukuma kwa mkono ukiwa na kipande cha mbao, halafu unamalizia kwa nyundo ya mpira. Usipige bati moja kwa moja kwa nyundo ya chuma, utaacha vidonda ambavyo hata rangi haifichi.

Vifaa wala sio vingi. Drili ya kawaida, biti za 2.5 mpaka 4.5, senta panchi (ya kutia alama pa kutoboa), tupa bapa na tupa duara, mkono wa msumeno wa chuma na bledi ya meno 32 kwa inchi, zile za meno makubwa zinang'ata bati jembamba na kulichana. Kwa tundu kubwa la feni la kama milimita 115 nilitamani ule msumeno wa duara wa kufunga kwenye drili, bei nikaiona nikarudi nyumbani, nikazungusha vitundu vidogo vidogo kufuata mstari kwa ndani, nikakata vile vilivyobaki kati yao, nikamaliza kwa tupa. Inachosha lakini inatoka safi. Alminiamu inaziba meno ya tupa, isugue tupa na chaki ya shule kwanza, inasaidia sana. Grinda mimi naiogopa kwenye alminiamu, yale mawe ya kusagia chuma yanazibwa, yanapata moto na yanaweza kupasuka, kama lazima tafuta jiwe la alminiamu.

Sehemu ya kufanyia kazi ipange mapema, hasa ukiwa nyumba ya kupanga kama mimi. Waambie wapangaji wenzako siku na saa, sio Jumapili asubuhi. Kwenye mita ya LUKU ya kuchangia watasema tu, hivyo uwe na hesabu yako mkononi, drili ya wati 750 ikizunguka dakika 10 mfululizo inakula kama uniti 0.125. Watoto wasiwepo karibu maana vyembe vya alminiamu vinang'aa na wanapita pekupeku. Miwani vaa muda wote. Glavu vaa unapobeba na kukunja bati, ila vua unapotoboa, drili ikinasa kitambaa inavuta na vidole. Na bati lazima libanwe, usilishike kwa mkono hata kwa katundu kamoja, biti ikitokea upande wa pili inanasa na bati linageuka panga. Kovu ninalo kwenye kidole gumba.

Kompyuta yenyewe isiwepo kwenye hicho chumba, sitanii. Toa mazabodi na kila kitu, fungia kwenye mfuko ndani ya kabati. Chembe moja ya bati kwenye soketi ya prosesa na umemaliza mshahara. Chembe za chuma unaziokota kwa sumaku uliyoivalisha mfuko wa nailoni, ukigeuza mfuko zinabaki humo. Za alminiamu sumaku haizioni, hizo ni kuosha na brashi.

Ukipanga kupaka rangi, alminiamu inataka praima (rangi ya kwanza ya chini) yake, rangi ya kopo ukiipuliza juu ya bati tupu inabanduka kama ganda. Ila pale pawa saplai inapofungwa na vile vinguzo vya mazabodi vinapokaa ziba kwa masking tepu pabaki bati tupu, kwa sababu ati (njia ya kupeleka umeme ardhini) ya keisi inapita hapo. Na kabla ya yote fundi umeme akuangalizie kama soketi yako ya ukutani ina ati kweli, nyumba nyingi tundu la tatu lipo kwa urembo tu. Keisi iliyopakwa rangi inakufichia, ukiweka bati tupu ndo unashangaa kila ukigusa inakutekenya mkono.

Siku ya kufunga, kabla hujaweka chochote ndani, shika keisi juu ya karatasi nyeupe uigonge gonge pande zote kwa kiganja. Yangu nilikuwa nimeshaiosha mara mbili na kuipuliza, ikadondosha vyembe vitatu. Nikairudisha kwenye beseni.